Shauri la Serikali na Serikali Hukatwa Wapi?

Mara nyingi tusikiapo katika redio kwamba serikali fulani "imeshitakiwa The Hague", wengi wetu twadhani mambo ni kama ya mahakamani kwetu: mdai hupeleka shitaka lake, askari huchukua karatasi ya kumwita mdaiwa, na mdaiwa huja apende asipende. Sivyo. Na kwa kuwa mwaka 1999 nchi yetu yenyewe iliitwa huko, kisha shauri lile likafutwa pasipo hukumu, nimeona yafaa kulieleza jambo hili katika kurasa zetu za Kiswahili. Nawaandikia hasa wale wanaokusudia kusoma sheria, na pia wanafunzi wa zamani walioko Muyinga na kwingineko, maana najua habari hii hawajamaliza kuibishania. Wako wasemao "tulishinda". Wako wasemao "tuliponea chupuchupu". Pande zote mbili zimekosea, na nitaonyesha kwa nini.

Tuanze nyumbani. Watu wawili wa kilima kimoja karibu na Gitega wakigombania mpaka wa shamba la migomba, desturi ya zamani ilikuwa kuwaita Bashingantahe. Wazee huketi, husikiliza upande huu na upande huu, huuliza mashahidi, hata huenda kwa miguu mpaka shambani kuutazama mpaka wenyewe. Kisha hushauriana faraghani, na fimbo ya intahe hugongwa chini. Mdaiwa hakuweza kukataa kuja, na si kwa kuwa wazee walikuwa na askari. Hakuweza kwa kuwa kesho yake angehitaji moto wa jirani, na siku moja angehitaji watu wa kumsaidia kuzika. Nguvu ya baraza lile ilikuwa ni ujirani.

Sasa badala ya wale wawili weka serikali mbili, kila moja na bendera yake na jeshi lake. Katika sheria ya mataifa serikali zote ni sawa, kubwa kwa ndogo, wala hakuna iliyo juu ya nyingine hata iiambie, "Njoo barazani." Huu ndio mzizi wa jambo lote. Mahakama ya mataifa haiwezi kuihukumu serikali isiyokubali kuhukumiwa nayo. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kuuliza nani ana haki na nani ana kosa, ni hili: je, amekubali? Na kukubali kwake kumeandikwa wapi?

Mahakama kubwa ya mashauri hayo ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyo The Hague katika Uholanzi. Iliundwa pamoja na Umoja wa Mataifa mwaka 1945. Ina mahakimu 15, kila mmoja huchaguliwa kwa miaka 9, wala hawawezi kutoka wawili katika taifa moja. Jirani zetu wa Uganda wana hakimu pale tangu mwaka 2012, naye ni mama Julia Sebutinde. Tena, serikali yenye shauri ikikosa mtu wa taifa lake miongoni mwa wale 15, yaweza kumteua hakimu wa kukaa nao katika shauri hilo moja tu. Nadhani wazee wa Gitega wangeona jambo hilo kuwa la ajabu, mdaiwa kujichagulia mmoja wa waamuzi! Lakini hakimu huyo ana kura moja tu kati ya nyingi, na faida yake ni kwamba upande wake hauwezi kusema baadaye kuwa haukusikilizwa.

Mtu mmoja hawezi kushitaki pale, wala kampuni, wala kabila. Ni serikali tu. Nazo hukubali kwa njia tatu. Pengine serikali mbili hupatana kuleta ugomvi mmoja ulio mbele yao. Pengine ziliwahi kutia sahihi mkataba wenye kifungu kinachosema kwamba magomvi juu ya mkataba huo yatapelekwa The Hague. Au serikali huweka tamko kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kwamba imekubali tangu sasa kushitakiwa na yeyote aliyeweka tamko kama lake. Uganda iliweka tamko hilo mwaka 1963, Kenya mwaka 1965, Kongo mwaka 1989. Burundi iliingia katika Umoja wa Mataifa tarehe 18 Septemba 1962, lakini tamko hilo haikuliweka. Rwanda na Tanzania pia hazikuliweka. Shikeni jambo hilo, maana ndilo lililoamua yote yanayofuata.

Tarehe 23 Juni 1999, wakati wa vita vilivyoingia mashariki ya Kongo, serikali ya Kinshasa ilipeleka mashitaka matatu kwa siku moja. La kwanza lilikuwa juu ya Burundi, la pili juu ya Rwanda, la tatu juu ya Uganda. Madai yalikuwa karibu sawa katika yote matatu: kwamba majeshi ya jirani yameingia katika nchi ya Kongo kwa silaha, kinyume cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Mdai mmoja, tarehe moja, mahakimu wale wale. Mtu angetazamia majibu yafanane, lakini mashauri yale yalikwenda njia tatu mbalimbali.

Juu ya Uganda hapakuwa na ubishi wa mlangoni, kwa sababu Uganda na Kongo zote mbili zilikuwa zimeweka tamko. Juu ya Burundi na Rwanda, Kongo ilijaribu kushika vifungu vya mikataba mingine, kama ule wa mwaka 1984 wa kukataza mateso na ule wa Montreal wa mwaka 1971 juu ya usalama wa ndege. Nchi zetu mbili zikajibu kwamba Mahakama haina mamlaka juu yao. Basi mahakimu wakaamuru kwamba kwanza iandikwe hoja juu ya neno hilo la mamlaka peke yake, kabla ya kugusa habari za vita. Katika Januari 2001 Kongo ikaandika kwamba inayaondoa mashauri haya mawili, huku ikijiwekea haki ya kurudi siku nyingine kwa sababu nyingine. Tarehe 30 Januari 2001 shauri la Kongo na Burundi likafutwa katika orodha ya Mahakama.

Kwa hiyo hakuna aliyeshinda. Hakuna shahidi aliyesikilizwa, wala hakimu aliyesema kwamba Burundi ilitenda au haikutenda. Kufutwa kwa shauri si hukumu, kama vile mlango uliofungwa usivyoonyesha kilichomo chumbani.

Juu ya Rwanda, Kongo ilirudi kweli, mwaka 2002, ikiwa na mikataba mingi zaidi mkononi. Tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ikasema haina mamlaka. Lakini mahakimu wakaongeza neno ambalo kwangu lina maana kubwa kuliko hukumu yenyewe: kwamba serikali, iwe imekubali mahakama au haikukubali, yabaki chini ya sheria ya mataifa na yawajibika kwa matendo yake. Tusichanganye basi kukosa hakimu na kukosa sheria.

Shauri la Uganda ndilo lililofika mwisho. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ilihukumu kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kutumia nguvu katika nchi ya Kongo, kwamba katika Ituri ilikuwa mtawala wa kijeshi mwenye wajibu wa kuwalinda raia, na kwamba ina lawama kwa mali ya asili ya Kongo iliyoporwa na askari wake. Kongo nayo haikutoka safi kabisa, maana ilionekana na kosa kwa yaliyotendeka katika ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa. Kiasi cha fidia mahakimu hawakukitaja kwanza. Waliziambia nchi mbili zikapatane. Hazikupatana, na mwaka 2015 Kongo ikarudi mahakamani. Iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ilikata dola milioni 325: milioni 225 kwa watu waliouawa na walioumizwa, milioni 40 kwa majumba na mali, na milioni 60 kwa mali ya asili. Zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Fungu la kwanza Uganda ililipa.

Hesabuni wenyewe: tangu shitaka mpaka hesabu ya fidia ni miaka 22 na zaidi. Mtoto aliyezaliwa Kisangani siku ile alikuwa mtu mzima. Ni polepole mno, sitaki kuificha. Hata hivyo mbele ya mahakimu iliwekwa historia ya vita vile kwa hati na ushahidi, na serikali iliyoshindwa ikatoa fedha bila mtu kuelekeza bunduki kwake. Mashauri mengine hayakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1986 Mahakama iliihukumu Marekani katika shauri la Nicaragua, na Marekani ikakataa. Nicaragua ikaenda Baraza la Usalama, ambalo ndilo lenye kazi ya kusaidia hukumu itimizwe, na huko Marekani ikapiga kura yake ya kuzuia. The Hague haina askari wa kukamata mali ya mdaiwa.

Huenda wenzetu wa Muyinga wakauliza: na mpaka wetu je? Mbele ya Kobero ni Ngara, na katika Ngara iko nchi ya Bugufi, iliyokuwa zamani chini ya Mwami wa Burundi. Wahangaza wakaao huko wasema lugha iliyo karibu sana na Kirundi. Bugufi ilibaki upande wa Tanganyika kwa mapatano ya Waingereza na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya kwanza, na mpaka ukaandikwa katika mkataba uliotiwa sahihi London tarehe 22 Novemba 1934. Wenyeji hawakuwa wenye sahihi. Hakuna mahakama iliyoketi. Na leo hata kama pangekuwa na mahakama, jibu lajulikana karibu lote, kwa kuwa wakuu wa Afrika, walipokutana Cairo mwaka 1964, walikubali kuiheshimu mipaka kama walivyoikuta siku ya uhuru. Mahakama ya The Hague iliishika kanuni hiyo hiyo mwaka 1986 ilipokata mpaka wa Burkina Faso na Mali. Unaweza kuiona kuwa ni kanuni kavu. Mimi naiona kuwa ni kavu, lakini ikivunjwa sijui ni kilima gani cha Afrika kingelala usingizi. Burundi na Tanzania zilichagua njia ya wataalamu wa kupima ardhi: zikaunda tume ya pamoja kutafuta alama za zamani na kusimamisha nguzo mpya, na katika Agosti 2014 marais Kikwete na Nkurunziza walikutana mpakani kuizindua kazi hiyo. Mizozo mingi ya mataifa huisha hivi, bila joho wala kiti cha hakimu.

Iko pia njia ya katikati, yaani usuluhishi, ambapo wagomvi huchagua wasuluhishi wao kwa kanuni walizokubaliana. Burundi yaijua. Mwaka 1995 serikali iliondoa hati iliyoipa kampuni ya AFFIMET, iliyokuwa ya kusafisha dhahabu, nafuu za kodi. Wenye hisa Wabelgiji wakapeleka shauri katika kituo cha usuluhishi kilicho chini ya Benki ya Dunia, mjini Washington. Wasuluhishi mwaka 1998 waliipa Burundi hiari: irudishe hati, au ilipe fidia ya karibu dola milioni 3. Pande mbili zikapatana, na mapatano yao yakatiwa ndani ya hukumu ya Februari 1999. Hapo wazee wa kilimani wangetikisa kichwa kwa kukubali, maana na wao walipenda watu waondoke wamepatana kuliko waondoke wamehukumiwa.

Neno moja fupi kwa wanaochanganya mahakama mbili za The Hague. Ile ya pili, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, haihukumu serikali bali watu, kwa makosa makubwa kama mauaji ya kimbari na makosa ya vita. Burundi ilijiunga nayo mwaka 2004, ikatoka tarehe 27 Oktoba 2017, nayo ni nchi ya kwanza duniani kutoka. Siku mbili kabla ya kutoka, mahakimu walikwisha ruhusu uchunguzi uanze juu ya mambo yaliyotendeka wakati Burundi ingali mwanachama.

Sasa nafika mahali ambapo mtu wa kawaida, si serikali, aweza kubisha hodi. Ni Arusha. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 uliunda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo ilizinduliwa Novemba 2001. Burundi iliingia katika Jumuiya tarehe 1 Julai 2007. Tangu hapo mtu yeyote akaaye Burundi, mwalimu wa Muyinga au mwenye duka wa Gitega, akiona sheria au tendo la serikali linavunja Mkataba ule, aweza kulipeleka Arusha moja kwa moja. Halazimiki kwanza kupita mahakama zote za nyumbani. Kukubali kwa serikali kulikwisha fanywa siku ile ilipoingia Jumuiya. (Msiichanganye na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyo Arusha vile vile. Burundi iliridhia itifaki ya hiyo mwaka 2003, lakini haikuweka tamko la kumruhusu raia kushitaki mwenyewe.)

Mfano wa karibu ni wa waandishi wa habari. Tarehe 4 Juni 2013 Burundi ilipata sheria mpya ya magazeti na redio. Umoja wa waandishi wa habari wa Burundi ukapeleka shitaka Arusha ndani ya muda. Mahakama ilisoma hukumu tarehe 15 Mei 2015. Ilisema kwamba kifungu cha 20, juu ya siri ya wanaompa mwandishi habari, na sehemu za kifungu cha 19, kama ile iliyokataza habari za kuhusu uthabiti wa sarafu, zilivunja kanuni za utawala bora zilizo katika Mkataba. Itazameni tarehe hiyo. Siku mbili kabla yake, tarehe 13 Mei, palikuwa na jaribio la kupindua serikali Bujumbura, na katika siku hizo redio kadhaa za watu binafsi zilishambuliwa na kuharibiwa. Tena serikali ilikuwa imekwisha toa sheria nyingine ya habari siku chache kabla. Hukumu ilikuwa njema, lakini redio zilizoipigania zilikuwa kimya.

Shauri jingine lilihusu muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, na uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Burundi wa Mei 2015. Liliendeshwa miaka mingi, likakataliwa, likakatiwa rufani, likarudishwa, likakataliwa tena. Mahakama ya rufani ya Arusha ilisema neno la mwisho tarehe 25 Novemba 2021, kwamba uamuzi ule ulivunja Mkataba. Rais mwenyewe alikuwa amefariki tangu Juni 2020.

Ni haki niseme kwamba mlango wa Arusha una kizingiti, na wengi hujikwaa hapo. Shitaka la mtu binafsi lazima lifike ndani ya miezi miwili tangu tendo litendeke au tangu alijue. Asili ya kizingiti hicho yachekesha kidogo. Katika Novemba 2006 Mahakama, kwa shauri la Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake, ilizuia wabunge wa Kenya wasiapishwe katika Bunge la Afrika Mashariki kwa sababu ya namna walivyochaguliwa. Kabla ya Desemba kwisha, wakuu wa nchi walikuwa wamekwisha badili Mkataba, wakaweka mahakama ya rufani na kipimo hiki cha miezi miwili. Mwaka 2012 mahakama hiyo ya rufani iliukataa ushitaki wa wale waliolalamikia mateso ya Mlima Elgon, Kenya, ya miaka ya 2006 hadi 2008. Haikusema hayakutokea. Ilisema wamechelewa.

Kizingiti cha pili ni lugha. Mkataba wa 1999 ulitaja Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama, na mtu wa kwetu aliyesoma kwa Kirundi na Kifaransa hujikuta anamtafuta mfasiri kabla hajamtafuta wakili. Katika nchi ambazo Kiswahili chavuka kila mpaka, tangu Kobero mpaka Mombasa, naona hilo ni jambo la kusikitisha.

Kwa wale watakaokuwa mawakili, basi, hesabu ndiyo hii: jambo likitendeka tarehe 10 Machi, shitaka liwe mikononi mwa msajili kabla ya tarehe 10 Mei, pamoja na nakala ya sheria au barua inayolalamikiwa na maelezo ya kifungu gani cha Mkataba kimevunjwa. Mahakama ina ofisi ndogo ya usajili Bujumbura, nayo hupokea mashitaka, hata mtu wa Muyinga hana haja ya kuvuka Kobero ili kulifikisha lake.